Boti Isipinduliwe na Hesabu: Mbinu za Kukokotoa Uigaji wa Wakati Halisi kwa Vyombo vya Ghuba ya Speke



1. Utangulizi

Guta iko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Upande wa magharibi ni kisiwa cha Ukerewe, na kaskazini mwa Ukerewe ni kisiwa cha Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Kabla yake, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia. Manahodha wetu wanahitaji mahali pa kujifunza hatari bila kuikuta majini. Kompyuta inayoiga mwendo wa chombo, yaani kiigizi, inaweza kuwa mahali hapo, ila kwa sharti moja: hesabu zake zisidanganye. Ninadai kwamba kuchagua mbinu ya kukokotoa ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la kasi ya mashine.

2. Chombo kinavyoyumba

Chombo kikiinama, maji hukisukuma kirudi wima. Kikirudi hupitiliza, kikainamia upande wa pili. Muda wa mzunguko mmoja hutegemea umbo lake na mpangilio wa mzigo. Abiria wakisimama au shehena ikirundikwa juu, nguvu ya kukirudisha hupungua na kuyumba huwa polepole. Uvivu huo ni onyo, na mwanafunzi lazima aujue kwa macho yake.

3. Saa haisubiri

Kompyuta hukadiria mwendo huo wa kuyumba kwa hatua ndogondogo za muda. Katika uigaji wa wakati halisi, hatua ya sekunde 0.05 lazima ikokotolewe ndani ya sekunde 0.05, la sivyo usukani na picha vitapishana. Ndiyo maana mbinu zinazorudia hatua au kubadili urefu wake njiani hazifai hapa.

4. Ulinganisho wa mbinu

Tuchukue boti yenye mzunguko wa sekunde 3, iliyoinama nyuzi 5, bila upepo, wimbi wala msuguano. Kihalisia itaendelea kufikia nyuzi 5 kila upande. Hatua yetu ni sekunde 0.05.

*Euler ya mbele*, aliyoieleza Leonhard Euler mwaka 1768, hutumia pembe na kasi za mwanzo wa hatua. Baada ya sekunde 20, mfano huu hufika takribani nyuzi 44. Boti imekaribia kulala ubavu katika maji yaliyotulia.

*Euler ya nyuma* hutumia thamani za mwisho wa hatua. Baada ya muda uleule, kuyumba hushuka hadi kama nusu nyuzi. Kosa hili ni baya zaidi, kwa kuwa linampendeza mtazamaji: boti mbovu huonekana imara.

*Euler mseto* hukokotoa kasi mpya kwanza, kisha huitumia kupata pembe mpya. Kazi ni ileile ya Euler ya mbele, lakini kuyumba hubaki karibu na nyuzi 5.

*Adams-Bashforth ya hatua mbili*, ya mwaka 1883, hutumia taarifa zilizokwishapatikana tu. Baada ya dakika nzima huongeza kuyumba kwa takribani asilimia 4. Hata hivyo hutikisika nguvu ikibadilika ghafla, mathalani abiria wakikimbilia upande mmoja.

*Runge-Kutta ya daraja la nne* (Runge 1895, Kutta 1901) haina kosa linaloonekana hapa. Lakini hukokotoa nguvu mara nne kwa hatua, na huhitaji kujua usukani utakavyokuwa katikati na mwishoni mwa hatua, jambo ambalo bado halijatokea.

5. Mapendekezo

Kwanza, tuanze na Euler mseto katika kompyuta za kawaida. Runge-Kutta itumike nje ya wakati halisi kama kipimo cha kuihakiki.

Pili, kila kiigizi kipitie jaribio la maji tulivu: ondoa upepo, mawimbi na msuguano, kisha kiache kiyumbe. Kuyumba kukikua au kukififia, mbinu haifai, hata kama picha zinapendeza.

Tatu, wavuvi na manahodha wa mialo ya Guta washirikishwe tangu mwanzo. Wao ndio wanaojua boti iliyojaa inavyochelewa kurudi wima, na hakuna kiigizi kitakachostahili kuwafundisha vijana wao kabla ya kuionesha hali hiyo sawasawa.