Amana ya Maji: Kipimo cha Bustani Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zetu Waislamu, usiku huu tuzungumzie kibustani kilichoko nyuma ya ukumbi wetu hapa Maskati. Baadhi yetu tumetoa rai king'olewe, pamwagwe saruji, kwa kuwa maji yake yanakula michango. Lakini je, tuliwahi kuyapima? Hatukuwahi. Tulifungua mpira adhuhuri, tukaingia kusali, tukatoka maji yakitiririka barabarani.

Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi cha thuluthi mbili za lita, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ikiwa ibada ina kipimo, bustani itakosaje?

Wazee wa Oman walilijua hilo. Katika mafalaji, ambayo matano yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, kila shamba lilikuwa na zamu yake, ikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Sisi tunamwaga maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa gharama, bila hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuweke beseni pana bustanini, tutazame maji yamepungua kiasi gani kwa siku. Tuseme milimita 10. Kwa mita za mraba 40, hizo ni lita 400. Lakini beseni hupoteza maji kuliko ardhi yenye mimea, basi tuchukue sehemu 7 katika 10: lita 280. Nyasi hukaribia kiasi hicho. Vichaka vya nchi kavu vilivyokwisha kushika mizizi hutosheka na nusu yake, lita 140, au chini ya hapo. Kuta za majirani nazo zina mawili: kivuli chake hupunguza haja, na joto lake la alasiri huizidisha. Ndiyo maana tupime papo hapo, tusikisie.

Basi tung'oe nyasi, si bustani. Tumwagilie baada ya alfajiri, shinani, kwa ndoo zinazohesabika. Ikifika Idi tutazame hesabu, ndipo tuamue. Alichopanda Muislamu, akila ndege, ni sadaka yake. Tusiifunike kwa saruji kwa kosa la mpira wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.