Mlango Uliofungwa Pasipo Amri



Tangu mwaka 2020 limekuwepo wazo moja ambalo husemwa kwa majivuno kidogo kila yanapotajwa masaibu ya ugonjwa wa korona, nalo ni kwamba Tanzania haikuwafungia watu wake ndani. Jambo hilo ni kweli. Jirani zetu wa Kenya, kuanzia tarehe 27 Machi, 2020, walikatazwa kutoka nje tangu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Uganda nayo ilipofika mwisho wa mwezi huo ilikuwa imesimamisha mabasi pamoja na magari ya watu binafsi. Lakini Kariakoo biashara iliendelea, samaki waliendelea kunadiwa pale Feri, Magogoni, na daladala ziliendelea kupakia, ijapokuwa abiria walitakiwa wote wakae.

Kutokana na ukweli huo wengi wamejitungia hitimisho la kuwafariji. Wanasema kwamba vipigo vya majumbani, ambavyo dunia nzima ilivipigia kelele mwaka ule, vilikuwa ni balaa la watu waliofungiwa. Na kwa kuwa Dar es Salaam haikufungiwa, basi mambo hayo hayakuwahusu wakazi wa Gerezani, Mchikichini wala Jangwani. Hitimisho hilo halina msingi, na yafaa lichunguzwe, hasa mbele ya watu ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea malalamiko ya wananchi na kulea watoto wao.

Kwanza na itazamwe hali ilivyokuwa kwa wenzetu. Tarehe 1 Aprili, 2020, wiki mbili tu baada ya Kenya kuanza kupunguza shughuli zake, Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki la nchi hiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, lilitoa taarifa kwamba makosa ya kujamiiana yalikuwa yamefikia asilimia 35.8 ya makosa yote ya jinai yaliyoripotiwa katika muda huo. Taarifa hiyo iliongeza neno zito zaidi kuliko hesabu yenyewe, kwamba katika baadhi ya mashauri hayo watuhumiwa walikuwa ni ndugu wa karibu, walezi, au watu wanaoishi nyumba moja na waliotendewa. Siku chache baadaye Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, ambaye alikwisha kuomba silaha zinyamaze katika medani za vita, alilazimika kuomba pia amani majumbani. Huko Ufaransa na Hispania ulibuniwa utaratibu ambao mwanamke aliweza kwenda duka la dawa na kuomba “barakoa namba 19”, na muuzaji akatambua kwamba mteja huyu hatafuti barakoa bali anatafuta polisi.

Utaratibu huo wa maduka ya dawa unafundisha jambo. Katika miji ya Ulaya familia hukaa katika nyumba za zege, kila moja na mlango wake, na jirani huenda asijue hata jina la mtu wa ng'ambo ya ukuta. Tatizo lao lilikuwa kwamba hakuna aliyesikia. Ilibidi basi patafutwe neno la siri ili sauti itoke.

Je, Kariakoo ni vivyo hivyo? Anayeijua nyumba ya Kiswahili atacheka akiulizwa swali hilo. Maghorofa yamekwisha kuzimeza nyumba nyingi za aina hiyo, lakini zilizobaki, na zile za Ilala, Buguruni na Magomeni, mpango wake ni ule ule: vyumba vitatu upande huu, vyumba vitatu upande huu, ukumbi katikati, na uani choo, bafu na jiko la wote. Katika nyingi, kuta hazifiki kwenye bati. Mtoto akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita humpa pole asubuhi. Katika nyumba kama hiyo hakuna kofi linalopigwa kwa siri. Mwanamke anapopigwa saa 5 za usiku, familia tano nyingine huwa macho, zimetulia kitandani, zinahesabu.

Asubuhi, kwenye foleni ya bafu, hakuna aulizaye. Aliyevimba jicho husalimiwa kama kawaida. Wazee watasema, “Hayo ni mambo ya ndani.” Somo aliyemfunda biarusi atamkumbusha afunike kombe mwanaharamu apite. Naam, ndoa hutaka subira, na hapana anayekataa; lakini subira iliyofundishwa kwa upande mmoja tu, huku upande wa pili ukifundishwa kwamba mke ni kama mtoto wa kurudiwa, si subira ya ndoa. Huo ndio mlango unaozungumziwa hapa. Haukufungwa kwa amri ya serikali mwezi Machi, 2020. Ulikuwa umefungwa zamani, na funguo zake wanazo majirani.

Ushahidi wa jambo hili ulikuwepo kabla korona haijapata jina. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 2005 matokeo ya uchunguzi wake katika nchi mbalimbali, ilionekana kwamba hapa Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliopata kuwa na mume au mwenzi walikwisha kupigwa au kulazimishwa kimwili na mwenzi huyo, na katika Mkoa wa Mbeya asilimia 56. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri kati ya miaka 15 na 49, walikwisha kupata kipigo tangu walipotimiza miaka 15. Katika uchunguzi huo huo waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana naye. Wanaume walioona angalau sababu moja kuwa ya haki walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58. Tarakimu hiyo ya pili inastahili kusomwa mara mbili.

Sasa, korona iliongeza nini juu ya hali hiyo? Iliongeza mambo mawili.

La kwanza ni ukata. Kariakoo si soko la wakazi wa Dar es Salaam peke yao. Ni duka la Lubumbashi, la Lusaka, la Lilongwe na la Moroni. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa mwezi Aprili, 2020, na Zambia ilipofunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde kuanzia tarehe 11 Mei, waliotikisika si wenye maduka ya Mtaa wa Kongo tu. Aliyetikisika zaidi ni yule ambaye hupata ujira wake kwa kila mzigo anaoubeba: mchukuzi, msukuma mkokoteni, kibarua wa kupakia lori, pamoja na mama lishe anayewauzia hao wote wali na maharage. Mchukuzi asiyepata mzigo hurudi nyumbani saa 6 mchana. Anakaa juu ya kitanda katika chumba kimoja chenye watoto wanne, kodi inadaiwa, mke naye amerudi na sufuria la wali uliolala. Hakuna askari aliyesimama mlangoni kuwazuia. Lakini waende wapi, na kwa nauli ipi?

Wapo wasemao kwamba basi aliyempiga mwanamke huyo ni ukata. Hoja hiyo imesikika hata vinywani mwa wasomi, na ni hoja ya kukataliwa. Mchukuzi yule yule, asubuhi ile ile, alitukanwa na tajiri wa mzigo na akanyamaza. Alisukumwa na mgambo, akaokota kofia yake akaondoka. Mwenye nyumba alimdai mbele ya watu, akaomba muda kwa sauti ya upole. Mkono ulioweza kujizuia mara tatu mchana kutwa haukushindwa kujizuia usiku kwa sababu ya njaa. Ulifunguka mahali ulipojua kwamba hautaulizwa. Ukata huonyesha kwa nini mtu ana hasira. Hauonyeshi kwa nini hasira hiyo humchagua mkewe.

Jambo la pili ni kufungwa kwa shule. Hili lawahusu walimu moja kwa moja. Tarehe 17 Machi, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa kule Arusha, serikali iliagiza shule zote za awali, msingi na sekondari zifungwe. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni. Kwa hiyo, ijapokuwa watu wazima hawakufungiwa, watoto walirudishwa nyumbani kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, na waliorudishwa hawakuwa na duka la dawa la kwendea wala neno la siri la kusema.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulikwisha kuonyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kujamiiana kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa mtoto wa namna hiyo shule si mahali pa kusomea tu. Ni saa nane za kila siku ambazo mkono ule haumfikii. Na mwalimu, hata asipouliza neno, ndiye mtu mzima pekee nje ya ukoo anayemwona mtoto siku tano za wiki. Ndiye anayeweza kugundua kwamba Jumatatu amekaa upande, au kwamba ameacha kucheka. Ipo Simu ya Msaada kwa Mtoto, namba 116, na haitozwi. Lakini mtoto hupiga simu ya nani, ikiwa simu ya nyumba ni ya yule anayemkimbia? (Hapa yafaa kusemwa pembeni kwamba baadhi ya watoto huona shule nayo ni mahali pa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au kwa idhini yake ya maandishi. Kila mwalimu anajua mwenyewe jinsi zinavyofuatwa, na kama mtoto aliyechapwa na kila mtu anaweza kumwamini yeyote.)

Sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilitamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kwa wakati wake lilikuwa ni tamko la kijasiri. Lakini kifungu hicho hakikutaja adhabu yoyote, na hivyo anayepigwa hana budi kutegemea makosa ya shambulio yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu, kana kwamba amepigwa na mpita njia. Uganda ilitunga sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Tanzania yalianzishwa Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na katika baadhi ya hospitali Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii hupatikana chini ya paa moja. Ni kazi njema. Hata hivyo, kwa wakazi wa Ilala kituo cha namna hiyo kilikuwa katika Hospitali ya Amana, na mwezi Aprili, 2020, Amana ndiyo iliyotengwa kuwapokea wagonjwa wa korona. Ni mama gani mwenye mtoto mgongoni angelivuka lango lile siku zile, ili kuonyesha michubuko?

Hata katika siku za kawaida njia ni ndefu. Aliyeumizwa huanza kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye humshauri arudi akapatane. Huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye huandika barua. Huenda polisi kuchukua fomu namba 3, hupeleka hospitali, hurudisha polisi. Katika kila meza anakutana na mtumishi wa umma, na katika kila meza huulizwa swali lile lile: “Ulimfanya nini?” Anapofika meza ya nne, mumewe amekwisha kupata habari.

Tarehe 29 Juni, 2020, kengele zilipigwa tena. Ndoo za maji na sabuni zilipangwa milangoni, na walimu wakafungua madaftari ya mahudhurio. Katika madarasa yalikuwepo majina yasiyoitikiwa. Wapo waliokuwa wamehamia mashambani. Wapo waliokuwa wamepata kazi za ndani. Wapo pia wasichana waliokuwa wamepata mimba katika miezi ile mitatu, ambao kwa utaratibu uliokuwepo hawakuruhusiwa kurudi katika shule za serikali, hadi utaratibu huo ulipoondolewa tarehe 24 Novemba, 2021. Mwalimu aliita jina mara mbili, akasubiri, kisha akaandika mbele yake neno “mtoro” na kuendelea na jina linalofuata.