MWEZESHAJI ALIPWE NA NANI?

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanaushirika)



Mradi uliokuwa ukimlipa mwezeshaji wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa umekwisha. Binti yule amesema atabaki hapa kijijini, afanye kazi kwa kujitegemea, vikundi vimlipe vyenyewe. Tangu aseme hivyo maneno ni mengi, kisimani mpaka kilabuni. Ati amegeuka mfanyabiashara. Mzee mmoja kaniuliza, "Katibu, elimu si ni bure?" Nimeomba nafasi nijibu.

Kazi hii siyo ngeni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama 2,000,000 nchini walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi vile walikuwa kama 75,000, na wala hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kuwafanya wenzao waulizane: sisi hapa tutafanya nini? Huyo ndiye mwezeshaji, jina tu limebadilika. Lakini kampeni ile ilikuwa ya majuma 12. Kikundi cha fedha kinataka mwaka mzima, na hakuna mtu wa kuacha shamba lake mwaka mzima kwa kuambiwa ahsante.

Na kulipwa na kikundi kumekwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 2008 shirika la CRS lilifanya hivyo hapa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwezeshaji alifundishwa, akapewa mtihani, akifaulu akapata cheti, na tangu hapo akalipwa na vikundi alivyovihudumia.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Anayelipa ndiye anayesikilizwa. Mradi ulipolipa, taarifa zilikwenda mjini: vikundi vingapi, wanawake wangapi. Nani hapa aliwahi kusomewa taarifa ile? Tukilipa sisi, taarifa itasomwa hapa chini ya mwembe, na asipofika kwenye mkutano, halipwi. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 200, ni shilingi 5,000 kwa mkutano. Binti akiwa na vikundi sita anapata 30,000 kwa juma. Siyo utajiri, lakini ni kazi.

Ila kuna mambo hatutakubali. Bei ipatanwe mkutanoni, iandikwe kwenye katiba ya kikundi, isiwe ya kunong'onezana na mwenyekiti. Sanduku lina kufuli tatu. Wenye funguo ni watatu, mtunza sanduku ni wa nne. Mwezeshaji asiwe wa tano. Asishike fedha, asikope kikundini, asikae na daftari nyumbani kwake. Mwanzo aje kila juma. Kikundi kikikomaa aje mara moja kwa mwezi, halafu siku ya kugawana tu. Akiona kikundi hakiwezi kwenda bila yeye, basi hakufundisha, amejipatia shamba la kuvuna.

Msiniambie hatukusoma. Vikundi vya namna hii vilianzia Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na wengi wa akina mama wale hawakujua kusoma. Hesabu waliiweka kichwani. Sisi tuna kisomo cha watu wazima kila Jumatano jioni, na madawati mengine yako wazi.

Linalonisumbua ni moja. Atakayelipwa na vikundi ataenda kwenye vikundi vyenye uwezo. Wale wajane wa kule bondeni wanaotaka kuanza kikundi, 200 kila juma wataitoa wapi? Hapo kujitegemea kunaweza kuwa kuachana. Maoni yangu ni kwamba Ushirika ulipe mwezeshaji kwa mwaka wa kwanza wa kila kikundi kipya kisicho na uwezo, kutoka kwenye faida ya duka. Najua Mweka Hazina ana neno juu ya duka. Aje nalo.

Tena vikundi ambavyo havijaandikishwa Halmashauri vifanye hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, ghalani. Kila kikundi kilete bei yake iliyoandikwa. Binti naye ataitwa, aulizwe mbele ya wote, siyo kisimani.

Katibu wa Tawi