Mwenzetu Anapotoka Hospitali

(Maneno ya kamati ya mfuko wa jamii siku ya sherehe)



Kwa miaka 10 tumezungumza hisa na marejesho. Leo kamati tunaomba kusema habari ya mkojo. Ndiyo, mkojo. Msicheke.

Mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tuseme ila jina tuliache, aliacha kuja kikaoni baada ya uzazi mgumu. Sisi tukamwandikia faini ya utoro. Kumbe alikuwa na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mkojo unamtoka usiku na mchana. Tulipojua tulifuta faini, nauli ikatoka mfukoni, akafanyiwa upasuaji.

Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe tundu likishazibwa, kibofu nacho kina safari yake. Kwanza huwekwa mpira wa mkojo ili kipumzike na kidonda kishike. Kwa fistula isiyo ngumu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza siku 7 hadi 10. Mpira usikunjike wala usilaliwe. Mkojo ukiacha kutiririka, muuguzi aitwe hapo hapo.

Mpira ulipotolewa, mwenzetu akawa akikohoa mkojo unamponyoka. Alilia sana, akaacha kunywa maji. Na sisi, kwa huruma zetu, tukamwambia, "Kunywa kidogo tu, dada." Tulikosea, jamani. Mkojo mzito unachoma, unababua ngozi. Muuguzi alitusahihisha: anywe mpaka mkojo uwe mweupe. Aende haja ndogo mara kwa mara, kisha aongeze muda kidogo kidogo, maana kibofu kilichokaa kitupu siku nyingi husahau kubeba. Na akisharuhusiwa, abane misuli ya chini kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi 5, aachie. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Kuvuja huko si lazima tundu limefunguka. Apimwe, asijihukumu. Na anayeshindwa kabisa kukojoa asingoje kesho.

Akina baba, hapa ni penu: mama asiguswe mpaka daktari aruhusu, nayo ni miezi, si wiki. Ndoo abebe mwingine. Mimba ijayo, hospitali mapema, na azae kwa upasuaji.

Kikao cha mwezi uliopita mwenzetu alikaa mwanzo mpaka mwisho bila kuinuka, na yeye ndiye aliyehesabu fedha.

Kwa hiyo tunaomba mkutano upitishe: atokaye upasuaji asitozwe faini ya utoro kwa miezi 6. Asiyekubali aseme sasa hivi.