UFUNGUO WA INTANETI YA NYUMBANI ANAO NANI?
Mada iliyotolewa kwenye darsa ya vijana na wazazi, Witeithie, mwezi wa Ramadhan



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana: nimetakiwa nizungumze juu ya kufungia baadhi ya huduma za intaneti kwenye rauta, yaani kile kidude cha taa kinachokaa juu ya kabati la televisheni. Mimi si sheikh. Ni mwanafunzi wa kompyuta niliyepitia madrasa, na haya mengi yamenikuta mwenyewe nyumbani kwetu.

SAIBA IMEHAMIA CHUMBANI

Wakubwa mlioko hapa mnazikumbuka saiba za Thika na Ruiru. Siku hizo, kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti. Intaneti ilikuwa ghali na polepole. Ulilipa kwa dakika, ukakaa kwenye kiti, na nyuma yako watu wamepanga foleni wanaona kila unachofungua. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na taratibu intaneti ikaingia majumbani. Leo hapa Witeithie unaweza kukuta ploti moja ina rauta moja na nyumba kadhaa zinaitumia usiku na mchana.

Sasa angalieni. Saibani tulizuiwa na vitu viwili bila kujua kwamba tunazuiwa: pesa ya dakika na haya ya kuonwa na watu. Vyote viwili vimeondoka. Mtoto yuko chini ya blanketi, taa imezimwa, dunia nzima iko mkononi. Basi ni lazima sisi wenyewe tuweke kizuizi. Swali ni tutakiweka vipi.

YALIYOTUKUTA SISI

Tulipovutiwa intaneti, Baba alinitazama akasema, "Wewe ndiye msomi wa mambo haya, funga yote yasiyofaa." Nikaingia kwenye rauta usiku huo huo. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Nikamfungia simu yake kuanzia saa tatu usiku, nikamfungia na michezo na video. Sikumwambia neno. Asubuhi akaona simu haifanyi kazi alivyozoea, akanyamaza. Mimi nikajiona mchunga hodari.

Lakini simu yangu sikuigusa. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, nina masomo. Ramadhan ikaingia. Usiku mmoja nikaangalia mpira, kipande kimoja baada ya kingine, mpaka usingizi ukanichukua simu ikiwa kifuani. Daku likanipita, na Alfajiri nikaiswali jua limeshachomoza. Mtu wa kufunga milango ya wengine!

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mdogo wangu alikuwa ameshapata njia. Kila baada ya Taraweh alikuwa anakaa kwenye ngazi za ploti ya jirani, anavuta waifai ya huko, paswadi amepewa na wenzake. Huko akafahamiana na mtu asiyemjua, anayejifanya mtoto wa rika lake. Baada ya siku kadhaa yule mtu akaanza kumuomba picha. Alipokataa akaanza kumtisha. Kijana wetu alikaa na hofu hiyo karibu wiki tatu, peke yake, huku anafunga na kuswali nasi safu moja.

Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu alikuwa hali futari. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu: "Ningesemaje, na kaka alishanifungia? Ningesema ningeulizwa nilikuwa ngazini nafanya nini."

Wallahi maneno yale sijayasahau. Alhamdulillah, picha hakutuma. Tuliweka ushahidi wa zile jumbe, tukamzuia yule mtu, Baba akaripoti, na tukajua pia kwamba Kenya kuna namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure. Lakini mimi nilijifunza kwamba kufuli langu lilimfunga mdomo kuliko lilivyomfunga macho.

DINI YETU INATUFUNDISHA NINI?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Hili tunalijua sote. Lakini angalieni pia Suratun Nur, aya ya 58. Humo watoto wanafundishwa kubisha hodi katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, mchana wakati watu wamepumzika, na baada ya Isha. Kwa hiyo nyumba ya Kiislamu ina milango na ina saa, tangu zamani. Na watoto hawakuachwa wakisie. Waliambiwa nyakati zenyewe wazijue.

Kisha Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana. Rauta nyingi zina daftari linaloonyesha simu gani imeingia wapi. Mzazi mwenye mashaka ya kweli juu ya mtoto mdogo ana haki ya kulinda. Lakini kukaa kila usiku ukisoma nyendo za mkeo, za mumeo au za dada yako mkubwa, huko si kuchunga tena. Kuweka mlango ni jambo moja, kuchungulia kwenye tundu la ufunguo ni jambo jingine.

NAMNA YA KUFUNGA

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Wenye kalamu waandike.

Kwanza, kaeni kikao. Baba, mama na watoto. Kubalianeni saa na mambo ya kufungwa, na simu ya baba iwe ndani ya makubaliano. Sisi tulikubaliana intaneti ilale saa nne usiku na iamke baada ya Alfajiri, nyumba nzima. Mwenye kazi ya usiku anaomba, na wote wanajua.

Pili, badilisheni paswadi ya rauta. Ziko mbili: ya kujiunga na waifai, na ya kuingia ndani ya rauta yenyewe kubadilisha mipango. Hii ya pili watu wengi huiacha ile iliyobandikwa chini ya kidude, na mtoto anayejua kusoma atafungua kila ulichofunga. Ukurasa wa kuingilia mara nyingi ni 192.168.0.1, au 192.168.1.1, au 192.168.100.1, angalia ile karatasi ya chini. Kampuni nyingine hazimpi mteja nafasi ya kuingia, hapo wapigie uwaombe.

Tatu, wekeni kichujio. Kila unapoandika jina la tovuti, rauta huuliza namba yake kwenye kitu kinachoitwa DNS, mfano wa kitabu cha simu. Kuna vitabu vya simu visivyotoa namba za tovuti chafu. Cloudflare walianzisha cha familia mwaka 2020, ni bure: unaandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye nafasi za DNS. Kwa kazi ya dakika tano simu zote za nyumba zimechujwa.

Nne, wekeni saa. Rauta humtambua kila mgeni kwa namba ya kifaa, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Lakini jueni simu nyingi tangu Android 10 na iOS 14 huonyesha namba ya bandia. Zima jambo hilo kwa waifai ya nyumbani, la sivyo utafunga simu ambayo haipo. Hakikisha pia saa ya rauta imewekwa ya Afrika Mashariki, UTC+3. Na tahadhari, rauta haijui saa za Kiswahili! Mzee mmoja jirani yetu alitaka kufunga saa tatu usiku, akaandika 03:00. Nyumba nzima ikakatika wakati wa kuandaa daku. Saa tatu usiku ni 21:00.

Tano, huduma na milango yake. Kila huduma ya intaneti hupita kwenye mlango wenye namba. Tovuti za kawaida hupita 443, DNS hupita 53, na DNS ya siri ya kwenye simu hupita 853. Rauta nyingine hukuruhusu kufunga namba. Ukifunga 853, simu haiwezi kukwepa kichujio kwa njia hiyo. Lakini usifunge 443, maana utakuwa umefunga karibu kila kitu, na ndiyo maana anayetaka kukwepa hujificha humo humo.

Sita, mtandao wa wageni. Kama jirani anatumia waifai yako, na mwenye nyumba na kampuni wameridhia, mpe ule wa wageni. Na nyinyi vijana: kutumia waifai ya mtu kwa paswadi ya kuibiwa ni kula haki ya mtu. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 nayo inakataza kuingia kwenye mtambo wa mtu bila idhini. Mtu hawezi kufuturu kwa tende za wizi akasema amefunga.

KUFULI LINAISHIA WAPI?

Nisiwadanganye. Bando la shilingi ishirini linapita nje ya rauta yako. VPN inapita. Simu ya rafiki inapita. Rauta inazuia ajali, inamzuia mdogo asijikwae, na inamsaidia mkubwa anayetaka kusaidiwa. Aliyekusudia haimzuii. Huyo anazuiwa na kumjua Mola wake, na kuwa na mtu nyumbani anayeweza kumwambia "nimekosea" bila kuogopa.

Ramadhan ni mfano mzuri. Maji yako bombani mchana kutwa, hakuna aliyeyafunga, nasi hatunywi. Hata hivyo tunaweka alama ya Imsak na tunasikiliza adhana, kwa sababu binadamu anahitaji mpaka wa kumkumbusha. Rauta na iwe hivyo.

Basi leo usiku, kabla hujagusa rauta, mwite mdogo wako au mwanao umuulize: kuna mtu yeyote anayekusumbua kwenye simu? Akikujibu, sikiliza kwanza, usimgombeze. Mimi nililiuliza swali hilo nikiwa nimechelewa wiki tatu.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na azihifadhi nyumba zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.