SHUKRANI SI MANENO MATUPU

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Leo hatukukutana kwa kudai, bali kwa kushukuru. Wako watu wasiofanya kazi yetu wala kupokea mshahara wetu, ambao hutushika mkono siku ya shida kwa sababu ya imani yao tu. Twawashukuru namna gani? Twaomba mtusikilize habari ya wenzetu, wazoa taka wa mji wa Memphis, kusini mwa Marekani.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilikuwa ikinyesha huko. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga nyuma ya lori, mahali penye mtambo wa kushindilia taka. Mtambo ukaanza ghafula, ukawaua. Wenzao walikuwa wamelalamika zamani juu ya malori mabovu, wala hawakusikilizwa. Na mshahara ulikuwa mdogo hata wengi wao, ingawa walifanya kazi kila siku, walistahili msaada wa maskini. Tarehe 12 Februari watu wapata 1,300, karibu wote weusi, wakaacha kazi. Kiongozi wao alikuwa T. O. Jones, ambaye naye aliwahi kuwa mzoa taka. Meya akasema mgomo huo si halali, akaajiri wengine mahali pao.

Angalieni neno hili: wafanya kazi wenyewe ndio walioanza. Hawakungojea mtu aje kuwaokoa. Lakini aliyegoma hana mshahara, na mtoto mwenye njaa haambiwi angoje mapatano. Hapo ndipo watu wa dini walipoingia. Tarehe 23 Februari polisi waliwapulizia waandamanaji dawa ya kuwasha macho, na wachungaji waliokuwamo wakapuliziwa pia. Kesho yake wachungaji wakaunda kamati, wakamchagua Mchungaji James Lawson awe mwenyekiti. Kanisa la Clayborn Temple likawa mahali pa mikutano na pa kuanzia maandamano. Sadaka zikachangwa makanisani kwa ajili ya familia za wagomaji. Na mabango waliyobeba yalisema neno moja: Mimi ni mtu.

Mchungaji Lawson ndiye aliyemwita Dr. Martin Luther King. Jina hili si geni kwetu. Mwezi wa Mei 1959 Ndugu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alikuwa mgeni wa chama cha Dr. King huko Atlanta. Dr. King alihutubia wagomaji tarehe 18 Machi 1968, akarudi tena, na tarehe 4 Aprili akauawa kwa risasi mjini humo. Kesho yake viongozi wa dini, weusi kwa weupe, walikwenda ofisini kwa Meya. Rabi James Wax, Myahudi, akamwambia usoni kwamba ziko sheria kubwa kuliko sheria za Memphis, nazo ni sheria za Mungu. Tarehe 8 Aprili mjane, Coretta Scott King, akawaongoza maelfu ya watu wakaandamana kimya. Tarehe 16 Aprili, baada ya siku 65, mji ukakubali chama na ukakubali kuongeza mishahara.

Ndugu zetu, deni la namna hiyo lalipwa vipi? Aliyekufa halipwi. Wazoa taka wale walilipa kwa njia moja tu: walikitunza chama kilichonunuliwa kwa damu. Tawi lao, namba 1733, lingali hai hata leo.

Na sisi je? Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Mwanachama anayepokea nyongeza, kisha akaacha kulipa mchango na kuja mkutanoni, huyo ampiga teke mama aliyepika uji wa wagomaji, na sheikh au padre aliyetufungulia mlango tulipokosa mahali pa kukutana.

Basi twasema mambo matatu. Kwanza, tuwataje waliotusaidia, na watoto wetu wajue habari zao. Pili, tuwaheshimu watu wa dini, lakini kazi ya chama tusiwatwike wao. Kule Memphis wachungaji walisaidia, bali mapatano yalikuwa ya chama na mji. Tatu, msaada tuliopokea tuupitishe mbele. Siku wafagiaji au watumishi wa nyumbani watakapodai haki yao, tusiulize kama ni wa chama chetu. Tupeleke unga kwanza.

Aliyetusaidia hakutuuliza dini wala kabila. Nasi tusimwulize mwingine.

Umoja ni nguvu.