Sikio la Mashine na Lugha Yetu



Nimeombwa niseme juu ya mashine zinazopima ubora wa sauti katika simu. Huenda mkadhani hayo ni mambo ya mafundi peke yao. La hasha.

Tuanze na binadamu. Kwa mujibu wa pendekezo P.800 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, toleo la mwaka 1996, wasikilizaji huketishwa chumbani, husikilizishwa sauti zilizopitishwa katika simu, na kila mmoja hutoa alama: 1 kwa sauti mbovu, hadi 5 kwa sauti bora kabisa. Kisha hutafutwa wastani. Kazi hiyo ni ghali tena ya kuchosha. Mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima anaijua adha yake. Ndipo mwaka 2001 ukapitishwa utaratibu uitwao PESQ, ambao kwao kompyuta hulinganisha sauti iliyotumwa na ile iliyopokelewa. Lakini watu wawili wanapozungumza, mpimaji ataipata wapi ile sauti ya asili?

Mashine zinazojifunza zimekuja kuliziba pengo hilo. Hupewa maelfu ya sauti pamoja na alama zilizotolewa na watu, zikajizoeza hata zikaweza kuikisia alama ya sauti ngeni kwa kuisikiliza hiyo peke yake. Programu iitwayo NISQA, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, mwaka 2021, haikomei kwenye alama ya jumla. Hueleza pia kama kasoro ni makelele, kukatikakatika, sauti kupoteza uasili wake, au kuwa kubwa ama ndogo mno. Fundi hupata pa kuanzia.

Hapo sina ubishi. Ninalouliza ni hili: mashine imefundishwa na masikio ya nani? Mkusanyo uliotolewa hadharani pamoja na programu hiyo una sauti zaidi ya 14,000, nazo ni za Kiingereza na Kijerumani.

Isitoshe, uzuri wa sauti si sawa na kueleweka kwa neno. Sauti husafiri katika pakiti, aghalabu za milisekunde 20 kila moja. Mwalimu mkuu apiga simu wilayani kuuliza posho za walimu wake, ajibiwa, "Hawatalipwa mwezi huu." Zikipotea pakiti chache za mwanzo, atasikia "Watalipwa mwezi huu", kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo. Mashine yaweza kutoa alama nzuri, naye akaenda kuwatangazia wenzake habari njema! Katika Kiswahili ukanushi, nafsi na wakati hukaa katika silabi moja moja.

Kwa hiyo, kabla mashine hizi hazijatumiwa kuamua iwapo wananchi wanahudumiwa vyema, hatuna budi kuzijaribu kwa sauti zetu, na wasikilizaji wa Kigoma na wa Tanga waketishwe wazipe alama. Sentensi za majaribio hazitungwi na fundi wa simu. Nimejaribu kutunga chache, ninazo hapa mkononi. Naomba walimu wa Kiswahili mzikosoe.